Kiti cha Thelathini na Moja

Jua lilikuwa limeshagusa bahari Mama Viti alipofunga duka lake na kumwambia msukuma mkokoteni, "Twende tukavichukue kabla giza halijatukuta."

"Giza likitukuta litatusaidia kusukuma," alijibu yule bwana. Mji mzima ulimwita Breki, kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nazo.

Mama Viti hakucheka. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti, na kwa miaka ishirini na mitano hakuna harusi, msiba, mahafali wala mkutano wa wazazi uliofanyika katika mji ule mdogo wa pwani bila viti vyake vyeupe vya plastiki. Alifika kila shughuli. Hakualikwa hata moja. Alikuja kabla ya wageni, akapanga. Akarudi baada ya wageni, akapangua. Watu wa mji ule aliwajua zaidi kwa harufu walizoacha nyuma. Viti vya harusi vilinuka marashi na mafuta ya nywele. Vya msibani vilinuka jasho na machozi. Vya mkutano wa wazazi vilinuka usingizi.

Kila kiti kilikuwa na namba chini yake, kwa rangi ya bluu, kwa mkono wa marehemu mumewe. Moja hadi mia mbili. Ila sasa vilikuwa mia moja tisini na tisa. Namba 113, kile chenye mguu uliofungwa waya, kilipotea siku ya msiba wa mumewe mwenyewe, miaka mitatu nyuma. Siku hiyo ndiyo pekee ambayo watu walimwambia akae. Hakuweza. Alisimama, kama alivyozoea, na watu walipotawanyika akahesabu viti, akakuta kimoja hakipo.

Hakushangaa. Katika kazi ile viti hupungua. Huibwa, huvunjika, husahauliwa mvuani.

Havijapata kuongezeka.

Oda ya siku hii ilikuwa imekuja asubuhi, imesukumwa chini ya mlango. Viti thelathini, ukumbi wa Chama cha Wenye Maduka wa Mtaa wa Chini, kikao cha mwaka, saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili. Nyuma ya barua kulikuwa na kibali cha shughuli kilichopigwa mhuri.

Mama Viti aliisoma mara mbili, akavaa viatu, akaenda ofisini.

"Mwanangu," alimwambia karani wa vibali, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na moja sikioni, "hiki chama hakipo."

Karani alifungua faili. "Kipo, mama yangu. Hakuna aliyejaza fomu ya kukivunja."

"Wanachama wake wote wamekufa."

"Hilo ni la ofisi ya vizazi na vifo, mlango wa tatu. Hapa sisi ni vyama."

"Na maombi kaleta nani?"

"Niliyakuta kwenye trei." Karani aliyatazama kwa mapenzi. "Na yamejazwa vizuri kuliko ya walio hai, nisikufiche. Hebu ona. Kelele: hapana. Moto: hapana. Watakaohudhuria: thelathini na moja."

"Mbona viti wameomba thelathini?"

Karani alijikuna kichwa kwa ile kalamu ya sikioni. "Labda mmoja anakuja na chake."

Angeweza kuichana barua ile. Lakini Mtaa wa Chini ulikuwa mtaa wake. Zamani ulikuwa na maduka thelathini, likiwemo lake, na kila duka lilikuwa na mwanachama mmoja chamani. Bahari ilipoila barabara, wateja wakahamia juu mjini. Wenye maduka hawakuhama. Walikufa, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kama watu wanaosubiri zamu. Mumewe, aliyekuwa katibu wa chama, alikuwa wa thelathini na wa mwisho. Sasa kila Jumapili bintiye alipiga simu: "Mama, funga hilo duka uje ukae na sisi. Mtaa mzima umebaki wewe na paka." Naye hujibu, "Paka kahama." Wakacheka, wakaagana, na simu ikikatika mtaa ulikuwa kimya kiasi kwamba aliisikia saa ya ukutani kutoka uani.

Sasa kuna mtu ameandika jina la mtaa huo kwenye karatasi. Akampa Breki viti.

Breki alivipeleka saa tisa, akakuta mlango wazi, sakafu imefagiliwa, mtu hakuna. Alivipanga mistari mitatu akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

"Mama," alisema sasa, wakiteremka kuelekea baharini, yeye akiuvuta mkokoteni kwa nyuma usimtoroke, "unajua wanavyosema watu? Kwamba hao wazee walikwenda kwa mganga, wakala kiapo kwamba duka la Mtaa wa Chini halitafungwa hata moja."

"Yamefungwa ishirini na tisa. Yahesabu."

Walipita mbele ya milango iliyoliwa na chumvi. Kwa kinyozi. Kwa fundi cherehani. Kwa fundi saa. Breki aliitazama kwa pembe ya jicho.

"Ndiyo nasema," alinong'ona. "Au hayajafungwa."

Ukumbi ulikuwa mwisho wa mtaa, ukuta wake wa nyuma ukipigwa na mawimbi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani giza la kijivu.

"Ingia ubebe," alisema Mama Viti.

"Na huu mkokoteni? Hauna breki, mama. Lazima mtu aushike."

Akaingia peke yake.

Kilichomsimamisha kwanza ni mpangilio. Viti havikuwa katika mistari mitatu. Vilikuwa vimezungushwa, kama watu waliosogea wasikilizane, na mbele yao meza ndogo ya katibu. Aliujua mpangilio huo. Kwa miaka na miaka aliusubiri nje ya mlango huu huu, kanga begani, mpaka kikao kiishe akusanye viti. Kila mwaka aliomba kuwa mwanachama. Katiba ilitaka mgeni akubaliwe na wote, na kila mwaka kura moja ilipinga, na hakuhitaji mpelelezi kumwambia ni ya nani. "Nakuepusha, mke wangu," mumewe alikuwa akisema njiani kurudi nyumbani. "Kile chama watu wanaingia, hawatoki. Kikao cha mwaka juzi mimi bado nimo." Alicheka. Mama Viti hakucheka, na usiku huo alimpa mgongo.

Aliinama ashike kiti cha kwanza.

Kilikuwa na joto.

Joto la mtu. Joto la aliyeinuka sasa hivi. Na kilikuwa kimelowa. Alinusa vidole vyake kwa mazoea. Maji ya chumvi... na chini ya chumvi, pauda na spiriti.

Kinyozi.

Alishika cha pili. Joto, majimaji, mafuta ya cherehani. Cha tatu kilinuka mkate uliotoka tanuri sasa hivi, na mwokaji mikate alikuwa na miaka minane kaburini.

"Breki?" alinong'ona.

Mahali fulani, ukutani au ndani ya sikio lake, mkasi ulikuwa ukikata.

Kwich... kwich... kwich...

Halafu cherehani. Trrrrr. Kimya. Trrrrr.

Mtu mwingine angekimbia. Mama Viti alifanya alichokuwa akifanya kila alipobanwa na jambo. Alihesabu. Kumi. Ishirini. Thelathini.

Thelathini na moja.

Akahesabu tena, kwa kidole.

Thelathini na moja. Na hicho kilichozidi kilikuwa nyuma ya meza ya katibu. Mguu wake mmoja umefungwa waya.

Akakisogelea. Akaweka kiganja. Joto.

"Ulikuwa unacho wewe," alinong'ona, na alishangaa kusikia kwamba sauti yake ilikuwa na lawama, lawama za mke ambaye mumewe kaondoka na ufunguo wa duka mfukoni. "Nimekitafuta mji mzima."

Mkasi ukanyamaza. Cherehani ikanyamaza. Hata bahari nyuma ya ukuta, kana kwamba nayo ilitaka kusikia.

Hapo ndipo alipokiona kimoja ambacho hakikulowa. Kilikuwa katikati ya mduara, kimetazama meza. Kikavu, kisafi. Kimefutwa vumbi.

"Kaa, shemeji."

Sauti ilikuwa ya upole. Ilikuwa ya wengi, wote wakinong'ona kwa pumzi moja.

"Umesimama sana, shemeji. Kaa."

Miaka mitatu hakuna aliyemwambia neno hilo. Alikuwa akila wima jikoni ili meza isionekane kubwa. Magoti yake, ambayo yalikuwa yakimuuma toka masika, yalilisikia neno kabla yake. Alijiona anageuka. Alijiona anakusanya kanga nyuma ya mapaja, vile mwanamke anavyoikusanya anapotaka kukaa. Kiti kilikuwa pale pale chini yake. Watu wa mtaa wake walikuwepo. Wote. Walikuwa wamemwekea nafasi...

"Khm. Khm."

Kikohozi. Mara mbili, kikavu, kutoka mezani. Kikohozi cha mtu anayetaka kusoma muhtasari na wajumbe wanapiga soga.

"Simama," ilisema sauti moja. Chini sana. Imechoka. "Simama, mke wangu."

Alisimama.

Viti thelathini vililia kwa pamoja, kriiiik, kama watu wanavyogeuka kumtazama aliyeharibu shughuli.

"Mama!" Breki aliita kutoka nje. "Unaongea na nani humo?"

Walivitoa kwa pamoja, Breki akiwa ameuegemeza mkokoteni kwenye jiwe, jambo ambalo lingewezekana toka mwanzo. Breki alipomaliza kupakia aliangalia rundo, akaangalia tena.

"Tulileta thelathini."

"Sukuma," alisema Mama Viti.

Njia nzima ya kupanda, Breki alisukuma kama mtu aliyepewa mkokoteni mwepesi. Baadaye aliapa kwa watu kwamba ulikuwa mzito kupita kiasi, kama uliopakia watu.

Asubuhi Mama Viti alitoa viti uani kuviosha. Alimwaga maji, akasugua, akaviacha vikauke. Cha waya alikiacha mwisho. Alipokigeuza aliiona namba: 113, zile moja mbili zenye kofia na kisigino, kwa sababu mumewe aliamini moja isiyo na kofia haijavaa vizuri. Na chini ya namba, imebanwa kwa gundi ya karatasi, mahali ambapo marehemu alizoea kuficha nyaraka asizotaka mwenyekiti azione kabla ya wakati, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Wino ulikuwa bado haujakauka vizuri.

*Muhtasari wa kikao cha mwaka. Waliohudhuria: wanachama thelathini. Mwalikwa: mmoja, alichelewa.*

*Ajenda ya kwanza: kumpokea mjane wa katibu, ili duka la mwisho lisibaki nje. Waliokubali: 29. Aliyepinga: 1. Kwa kuwa katiba inataka kura zote, ombi halikupita.*

Mama Viti alikaa chini, kwenye sakafu yenye maji, karatasi mapajani. Alilia kidogo. Ile moja ilikuwa na kofia na kisigino.

Kisha akageuza upande wa pili.

*Ajenda ya pili: marekebisho ya katiba. Wajumbe walisikitika kwamba mtu mmoja amekuwa akizuia jambo hili mwaka hadi mwaka. Ilipendekezwa kwamba kuanzia kikao kijacho mwanachama mpya apokelewe kwa wingi wa kura. Waliokubali: 29. Aliyepinga: 1. Azimio limepita.*

*Kikao kijacho: mwakani, tarehe kama hii. Viti: ataleta mwanachama mpya.*

Chini kabisa, nje ya mstari, palikuwa na maneno mawili ambayo hakuna katibu angeyaweka kwenye muhtasari rasmi.

*Hama mapema.*

Jumatatu alirudi ofisini kuomba fomu ya kuvunja chama. Karani alifurahi kupata mteja anayefuata taratibu. Ilihitaji tu, alieleza, saini za theluthi mbili ya wanachama, mbele ya shahidi.

Jumapili bintiye alipiga simu. Mama Viti alikuwa mlangoni pa duka, magharibi inaingia, amekaa. Ndiyo, amekaa, siku hizi alikaa kila jioni, kwenye kiti namba moja. Mbele yake aliweka namba 113, kikiwa kitupu. Yeye na mumewe hawakuzungumza mengi. Kila asubuhi alikikuta kimelowa, akakifuta.

"Mama, chumba chako tumeshakipaka rangi. Unakuja lini?"

Mama Viti aliangalia ukutani, kwenye kalenda aliyoitia alama kwa rangi ya bluu, mstari mmoja kila siku toka kikao kile. Kila mstari aliuvalisha kofia na kisigino. Kutoka chini mtaani, kwa mbali, cherehani ililia mara moja ikanyamaza.

"Mama? Upo?"

"Nipo, mwanangu."

"Nimeuliza unakuja lini. Au bado hujaamua?"

Mbele yake kiti kitupu kilikohoa. Mara mbili.

"Nahesabu siku," alisema Mama Viti.

Bintiye alishukuru, akacheka kwa furaha, akakata simu. Hakuuliza ni siku za kwenda wapi.