Siku Léocadie Aliposema "Wametimia"

Kila asubuhi Léocadie aliamshwa na sauti ya fagio la mama yake uani. Alinawa uso, akanywa uji wa muhogo, akavaa gauni lake la bluu, kisha akachukua kibao chake cha kuandikia na kushuka njia ya mtaa wao wa Kasenga pamoja na wenzake. Wakati huo jua lilikuwa linachomoza ng'ambo ya ziwa, na moshi wa majiko ulikuwa bado umetanda juu ya nyumba za Uvira. Léocadie alikuwa na miaka sita iliyokaribia saba, na katika darasa la watoto wadogo la misheni hakuna aliyemzidi urefu.

Katika darasa hilo kila wiki ilikuwa na herufi yake na hesabu yake. Jumatatu Mwalimu Apolline aliandika herufi mpya ubaoni, na watoto waliifuatisha hewani kwa vidole. Siku zilizofuata waliitafuta herufi hiyo katika majina yao, wakaiunganisha na nyingine mpaka ikawa neno. Baada ya mapumziko walihesabu punje za mahindi na vijiti. Jumamosi walishuka ziwani, wakaandika herufi ya wiki mchangani, wakahesabu kokoto, na hapo wiki ikawa imekwisha.

Herufi hazikumsumbua Léocadie. Kilichomtia hofu ni hesabu. Kuimba hesabu alijua, tena sauti yake ilipaa juu ya sauti zote. Lakini punje zilipowekwa mbele yake, mdomo ulikwenda mbio kuliko kidole. Punje moja aliihesabu mara mbili, nyingine akairuka, na alipopita kumi na mbili kila kitu kilivurugika kichwani. Hapo alimtazama jirani yake kwa pembe ya jicho, akasema alichosema huyo.

Hakumwambia mtu. Siku za hesabu tumbo lilimuuma tangu alfajiri, na mama yake alimpa dawa ya minyoo. Mwalimu Apolline naye, kwa kuisikia sauti ile kubwa, aliamini kwamba Léocadie ndiye anayejua kuliko wote. Akamfanya kiranja.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mwaka 1955, darasa lilishuka ziwani kama kawaida. Herufi ya wiki hiyo ilikuwa M. Wanawake walikuwa wakianika ndagala mchangani, na harufu ya samaki hao wadogo ilijaa puani. Upande wa kushoto matete yalisimama marefu, ya kijani kibichi, yakiingia mpaka majini.

"Matete yale hakuna kuyakaribia," alisema Mwalimu Apolline. "Kiboko analala humo. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mwalimu."

Waliandika M kubwa na M ndogo. Modeste, mtoto mdogo kuliko wote, aliandika za kwake moja baada ya nyingine akirudi nyumanyuma, maana ndiyo herufi iliyoanza jina lake, naye hakutaka kuiacha. Alikuwa mtoto mkimya. Wazazi wake walikuwa wamekufa, akalelewa na bibi yake, Nyandwi, mwanamke mwenye shamba la mpunga upande wa bonde la Ruzizi.

Walipokuwa wakikusanya kokoto, Candide alikanyaga kipande cha chupa. Damu ilimwagika mchangani, mtoto akalia kwa sauti ya kutisha, na wenzake wakaanza kulia pamoja naye. Mwalimu Apolline alifungua kitambaa cha kichwani mwake, akaufunga mguu, akambeba Candide mgongoni.

"Léocadie, wapange wenzako uwahesabu," alisema huku akihema. "Pamoja na huyu niliyembeba muwe kumi na wanane. Haraka, mwanangu, damu haikomi."

Léocadie alianza kuhesabu. Watoto hawakutulia. Norbert alihama mahali pake, wawili wakashikana mikono, mmoja alikuwa amechuchumaa. Alipofika kumi na mbili hesabu ilimpotea. Akataja kumi na nne, akataja kumi na sita, kidole chake kikaelea hewani bila kumgusa mtu. Aliona damu inapenya kitambaani. Aliona Mwalimu anamtazama yeye tu. Akisema hajui, darasa zima litacheka, na Mwalimu atafahamu kwamba tangu mwanzo alikuwa akidanganya.

"Wametimia?" aliuliza Mwalimu.

"Wametimia, Mwalimu."

Wakaondoka.

Shuleni Mwalimu Apolline alipitiliza moja kwa moja hadi dispensari na Candide. Watoto wengine waliruhusiwa kwenda nyumbani, kila mmoja na ndugu yake mkubwa au na majirani. Léocadie alikwenda kwao. Alikula ugali na maharage, na tumbo lake lilikuwa zito kama limejaa mawe, ingawa hakujua bado kwa nini.

Alijua mchana, Bibi Nyandwi alipoingia uani akiwa na jembe begani.

"Hodi hapa. Modeste iko kwenu?"

"Haiko, mama," alijibu mama yake Léocadie. "Hajafika nyumbani?"

"Nimetoka shambani sasa hivi. Nyumba ni tupu. Nimepita kwa jirani, haiko. Nimepita shuleni, kumefungwa."

Mama alimgeukia Léocadie. "Weye ulimwona njiani?"

Léocadie alitikisa kichwa. Alijaribu kumkumbuka Modeste katika mstari waliporudi, mbele, nyuma, katikati. Hakumwona popote. Alichokumbuka ni zile M zilizokuwa zikirudi nyuma mchangani, na matete nyuma yake.

Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa umetoka kumtafuta mtoto. Mwalimu Apolline alikuja mbio, kichwa wazi, gauni lake bado lina damu ya Candide.

"Huenda akawa huko ziwani?" aliuliza mzee mmoja.

"Hapana, toka ziwani tulirudi wote," alisema Mwalimu. "Léocadie alihesabu. Amepotea hapa hapa, baada ya kutoka shuleni."

Basi watu wakapanda juu. Wengine walikwenda sokoni, wengine wakafuata mto Mulongwe kuelekea milimani, wengine barabara ya Kalundu. Hakuna aliyeshuka ziwani. Léocadie alikaa nyuma ya jiko, amekumbatia magoti, akasikia jina la Modeste likiitwa mbali, kisha mbali zaidi, na kila sauti ilikuwa ikikwenda kusikotakiwa. Ni yeye aliyewapeleka huko kwa neno lake moja.

Alitamani kusema. Alisimama, akakaa tena. Aliogopa fimbo. Aliogopa macho ya Mwalimu. Zaidi ya yote alimwogopa Bibi Nyandwi, aliyepita njiani kila mara akiuliza watu walewale waliokwisha kumjibu.

Jua la Uvira huzama mapema, maana milima iko karibu. Kivuli kilitoka mlimani, kikashuka juu ya mapaa, kikafika uani kwao na kupanda kwenye vidole vyake vya miguu, huku milima ya ng'ambo, upande wa Usumbura, ikiwa bado inang'aa. Kila mtoto wa Kasenga alijua kivuli hicho maana yake nini. Ndiyo saa kiboko anapotoka majini kwenda kula majani. Léocadie akaingia jikoni.

"Mama, minye sijui kuhesabu."

Mama alikuwa akitoka na kikapu, amekwisha kuchoka kwa kutafuta. "Nani amekuuliza mambo ya hesabu sasa?"

"Kule ziwani. Mwalimu aliniuliza kama wametimia. Nikasema wametimia." Machozi yalimtoka. "Sikujua, Mama. Nilisema tu. Modeste alikuwa karibu na matete."

Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alikitupa kikapu chini, akamshika mkono, wakakimbia. Walimkuta Mwalimu Apolline njia panda pamoja na Bibi Nyandwi.

"Sema," aliamuru mama. "Sema kama ulivyoniambia."

Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu bibi yake Modeste alikuwa anasikiliza. Léocadie alisema akiangalia chini. Alipoinua macho aliwaona wote wawili wamekwisha kushika njia ya ziwani, mmoja kijana na mmoja mzee, wakikimbia sawasawa. Yeye na mama yake wakawafuata.

Ufukweni mvuvi mmoja aitwaye Sévère alikuwa akitayarisha taa za kuvulia. Alipoambiwa, aliwasha moja, akaishusha karibu na mchanga. M za Modeste zilikuwa bado zipo, ndogo, zimepindapinda. Zilielekea kwenye matete, na pale zilipokoma zilianza nyayo za mtoto.

"Modeste!" aliita Bibi Nyandwi.

Matete yalitikisika, lakini aliyeyatikisa hakuwa mtoto. Kiboko alitoka polepole, mgongo wake unameremeta kwa maji, akasimama kwenye majani kati yao na mahali nyayo zilipoingia. Alipumua kwa kishindo. Léocadie aliminya uso kwenye nguo ya mama yake.

Ndipo nyuma ya mnyama yule, ndani kabisa, ikasikika sauti nyembamba. "Bibi."

"Yuko hai," alinong'ona Sévère. "Mle ndani kuna mtumbwi wangu wa zamani uliooza. Lazima amepanda humo. Mama, mwambie akae kimya, asishuke. Kiboko akishtuka atakimbilia majini, na njia yake ni hapo hapo alipo mtoto."

Bibi Nyandwi akasema kwa sauti tulivu kama anambembeleza alale. "Modeste, mjukuu wangu, kaa hivyo hivyo. Usishuke. Usiseme kitu. Baba Sévère anakuja kwa upande wa maji."

Sévère alizima taa, akausukuma mtumbwi wake, akapiga kasia bila kutoa sauti, akazunguka matete. Giza likammeza. Waliobaki walisimama wameshikana, hawathubutu hata kukohoa. Kiboko alitafuna majani. Akasogea. Akatafuna tena. Léocadie alisikia meno yake mwenyewe yakigongana, akayabana kwa mkono. Alifikiri kwamba asingalichelewa nyuma ya jiko, watu wangalifika hapa jua likiwaka na kiboko bado amelala.

Mwishowe kitu cheusi kilitokea upande wa wazi wa maji. Ulikuwa mtumbwi, na juu yake vichwa viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo.

Bibi Nyandwi aliingia ziwani na nguo zake, maji yakamfika kiunoni, akampokea mjukuu wake. Modeste alikuwa akitetemeka mwili mzima.

"Nilipanda mtumbwi, nikalala," alisema. "Nilipoamka hamkuwapo. Nikataka kuja, nikaona kiboko."

Léocadie alijificha nyuma ya mama yake, akingoja fimbo. Mwalimu Apolline alimwita. Alikwenda. Mwalimu alichuchumaa mchangani mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Kwa nini hukuniambia hujui?"

"Niliogopa, Mwalimu. Ungenicheka."

"Nisikilize. Kutojua si kosa. Ungalijua yote ungalikuja shuleni kufanya nini? Kosa ni kusema unajua wakati hujui, kwa sababu watu watakuamini, na watatembea kwa kufuata neno lako. Leo mtaa mzima ulifuata neno lako ukaenda milimani, na mtoto yuko huku. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Na pale uliposema ukweli, ingawa uliogopa, ndipo tulipompata. Hilo pia ulikumbuke." Kisha akasimama, akapangusa magoti. "Mimi nami nimekosa. Kuhesabu watoto ni kazi yangu. Nilimwachia mtoto, na sikuwahi kumtazama anavyohesabu. Mama Nyandwi, nakuomba msamaha."

Bibi Nyandwi alikuwa amembeba Modeste mgongoni, maji yakimchuruzika. Alianza kupanda njia ya Kasenga, akapita mbele ya Léocadie, akasimama. Akamnyoshea mkono.

"Shika," alisema. "Njia ina giza."

Léocadie aliushika mkono ule, wenye baridi ya ziwa, hakuuachia mpaka wakafika nyumbani.

Jumatatu ilifika na herufi mpya ubaoni. Baada ya mapumziko Mwalimu Apolline alimwaga punje za mahindi juu ya meza kubwa, akawaita watoto wote waizunguke. Hakuwaambia waimbe. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Leo nauliza swali moja," alisema. "Nani hajui kinachofuata baada ya kumi na mbili?"

Léocadie aliiona midomo ya wenzake imefungwa, akaona punje zimetapakaa, nyingi, za manjano. Akanyosha mkono juu.

Hakuna aliyecheka. Norbert alimtazama, kisha akanyosha wa kwake. Candide akanyosha, mguu wake ukiwa bado na bendeji. Ikafuata mingine, huku na huku, mpaka mikono iliyokuwa juu ikawa mingi kuliko iliyokuwa chini.

Mwalimu Apolline aliitazama mikono ile yote. Akavuta kiti, akaketi katikati yao.

"Basi," alisema, "tutaanzia hapo."