Matairi Yaliyokwisha Kunyweshwa

Jioni ile nilikwenda kununua matairi. Basi, hiyo tu ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Theluji ya kwanza ilikuwa imetangazwa, na kigari chetu kilikuwa kikitembea na matairi ya vipara. Mume wangu alikuwa baharini, akivua ngisi. Mwanangu Garam, ambaye hajatimiza hata mwaka, alikuwa akikoroma kifuani tangu asubuhi, na zahanati ya watoto inayofunguliwa jioni iko ng'ambo ya mlima Nunjae. Hakuna mtu wa mkoa wetu wa Gangwon mwenye akili anayepanda Nunjae na vipara.

Mama mkwe alinisindikiza mpaka kwa fundi Pyo, mkoba kwapani. Fundi alitaka kumshika Garam shavu, lakini kwanza alipasha mikono yake kwenye jiko. Nalikumbuka jambo hilo. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kumchukia.

"Lo, Mama Garam," alisema akiinama kwenye gurudumu. "Hili si tairi tena. Hili ni yai."

"Ni kichwa chako hicho," mama mkwe akamjibu.

"Mama, kipara changu hakijawahi kuteleza na mtu."

Tulicheka. Kisha akatuonyesha. Matairi ya baridi yanauma barafu vizuri, alisema, ila joto likija ni kuyavua, na mwenye nyumba finyu atayalaza wapi? Kitandani? Kwa kigari kama chetu alishauri ya misimu yote. Lakini mapya ya saizi yetu yalikuwa yamekwisha. Watu wote walikuwa wamesikia habari za theluji.

Garam alikohoa. Kikohozi kirefu, chenye mluzi ndani yake.

Fundi Pyo alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi akibingirisha matairi.

"Ya mtumba. Lakini yametembea kidogo sana. Weka kidole hapa uone meno yake."

Niliweka kidole. Meno yalikuwa marefu, makali. Katikati yake palikuwa na ukoko mweupe uliokauka. Nikanusa kidole changu... Pombe ya mchele. Na chini ya pombe, harufu nyingine. Matope ya bwawani.

"Yalikuwa ya nani, mjomba?"

Akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

"Ya msichana mmoja tu. Gari liliuzwa."

Ningeuliza zaidi. Garam akakohoa tena, nikasema, "Funga."

Yalipofungwa, mama mkwe alitoa chupa mkobani. Kwetu gari jipya hunyweshwa. Humwagiwa pombe nyeupe ya mchele kwenye kila gurudumu, likaombwa limtunze mwenyewe. Kwa mama mkwe matairi mapya yalikuwa ni jambo lilelile.

"Mama, haya si lazima," fundi Pyo alisema haraka.

"Nyamaza wewe. Utamtuma mgeni kazi na koo kavu?"

Akamimina, akinong'ona, "Mpelekeni salama. Mrudisheni nyumbani." Fundi aligeuza uso ukutani.

Nilikuwa nimesimama karibu, mtoto mgongoni, kwa hiyo niliona vizuri. Pombe haikuchuruzika chini. Ilizama, kama maji kwenye udongo wa kiangazi.

Raba hainywi.

Yale yalikunywa.

Mama mkwe alikuwa na kabichi zake kwenye chumvi nyumbani, za kutengenezea kimchi, achari yetu ya mwaka mzima, na kabichi hazimsubiri mtu. Alimfunika Garam kwa shali lake mwenyewe, akaondoka kwa miguu kichwa wazi kwenye baridi ile. Mimi nikawasha gari.

Mwanzoni lilikwenda vizuri. Jua lilikuwa limezama nyuma ya misonobari, na vipande vya theluji vilianza kuelea kwenye mwanga wa taa. Garam alikuwa kwenye kiti chake nyuma, upande wa kulia; kwetu usukani huwa kushoto. Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa ameshika biskuti yake ya mchele, lakini hakuwa anakula.

Alikuwa akiinyoosha pembeni. Kuelekea kiti kilicho nyuma yangu.

"Kula mwanangu," nikasema.

Akacheka kidogo, akaiachia.

Sikuisikia ikianguka.

Ting. Ting. Ting.

Ilikuwa kengele ya mkanda. Taa nyekundu iliwaka mbele yangu kuonyesha kiti ambacho mtu amekaa bila kujifunga. Kiti cha nyuma, upande wa kushoto.

Nyuma yangu.

Hapo nikausikia usukani. Ulikuwa ukivuta kulia, kwa nguvu, kama ng'ombe aliyeona zizi. Mara mojamoja ulishtuka kidogo kwenda kushoto, kisha ukashindwa, ukarudi kulia. Kulia kulikuwa na njia nyembamba inayoshuka kwenye bwawa la Mulgol. Zahanati ilikuwa mbele, juu mlimani. Nilipokaza mikono kwenda mbele, injini ilizima.

Kimya... Theluji ikigusa kioo. Kifua cha mwanangu kikipiga mluzi. Na nyuma yangu, tone moja la maji likidondoka kwenye zulia.

Tii...

Tii...

Niliwasha. Ikazima. Niliwasha tena nikilia. Kengele tu ndiyo iliyoitika.

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Labda haukuwa ujasiri. Mtu aliyekuwa akipewa biskuti na mwanangu hakuwa amemgusa. Nilishuka, nikafungua mlango wa nyuma. Kiti kilikuwa kitupu. Kimeloa. Garam alikuwa akikitazama kama anavyomtazama shangazi yake.

Nilivuta mkanda. Chuma kikagonga pembeni mara ya kwanza. Nikaufunga.

Kengele ikanyamaza.

Lakini mkanda haukulala kwenye kiti. Ulisimama mbali nacho. Ulikuwa umekaza mbele, umeviringa, kama juu ya tumbo la mtu.

Ukapanda taratibu. Ukashuka.

Ulikuwa ukipumua.

"Dada," nilinong'ona, "mwanangu anaumwa. Nitakufikisha kwenu. Nawe uniache nimfikishe wangu."

Injini iliwaka kwa mguso mmoja. Sikuendesha mimi. Niliweka tu mikono. Tulishuka kando ya bwawa, maji meusi upande mmoja, mpaka kwenye nyumba ya mwisho. Taa ya lango ilikuwa inawaka. Gari likasimama lenyewe.

Nyuma yangu, mkanda ulijifungua. Klik. Nikausikia ukirudi mahali pake polepole, kama mtu anavyourudisha kwa mkono ili usigonge. Mlango ukafunguka. Gari likainuka kidogo, kama linapotua mzigo.

Bibi mmoja alitoka na kandambili, nywele nyeupe, kifuani amekumbatia bakuli lililofungwa kwa blanketi. Nililijua bakuli lile. Kila mama kwetu humfukia wali kwenye blanketi, juu ya sakafu inayopashwa moto kutoka chini, mtoto aliyechelewa kurudi.

Hakunitazama. Alitazama pembeni ya gari, juu kidogo, pale ambapo ungekuwa uso wa msichana.

"Wewe mtoto! Saa hizi? Tazama ulivyoloa." Sauti ilimkatika. "Ingia. Ingia, wali bado una moto."

Theluji ilikuwa imeanza kushika njiani. Niliziona nyayo. Za bibi, za kandambili, zikirudi mlangoni. Na kando yake nyingine. Za miguu mitupu.

Mlangoni bibi aligeuka. Alirudi mpaka dirishani pangu, akanipa kiazi kitamu cha moto.

"Ukiweke kifuani kwa mtoto," alisema. "Na wewe mama yako asikusubiri sana."

Nilikimbiza gari. Matairi yalipanda Nunjae yakishika barafu kama makucha, na daktari alimwekea Garam mvuke mpaka kifua kikafunguka. Tulilala palepale zahanatini. Asubuhi, barabara ilipofagiliwa, nikarudi moja kwa moja kwa fundi Pyo.

Alinitazama tu usoni, akakaa kwenye ndoo.

"Alikupeleka Mulgol."

"Mjomba, ulijua!"

"Nilijua gari lilikutwa bwawani. Sio majini, Mama Garam. Kando. Milango imefungwa, injini inawaka. Mwenyewe, Nari, hajaonekana mpaka leo." Alifuta macho kwa mkono wenye grisi. "Nilidhani ni matairi tu. Mtoto alikuwa anakohoa..."

Mama mkwe alikuwa amefika, bado ana chumvi mikononi. Aliposikia, alimpiga fundi begani, si kwa nguvu.

"Mpumbavu wewe! Matairi yaliyokwisha kunyweshwa na mwenyewe hayanyweshwi tena. Umeniachia niyaamshe!"

"Nilisema si lazima, mama."

"Ulisema kwa sauti ya panya!"

Nikasema basi, yaishe. Msichana amefika kwao, bibi amempokea. Fundi avue matairi, mimi nitasubiri mapya hata wiki.

"Nayavua sasa hivi," alisema fundi Pyo. Kisha akasita. Akaliinamia gurudumu la mbele, upande wa kushoto, akalisugua kwa kidole gumba.

"Ila hili halikuwa la Nari. Yake yalikuwa matatu mazima, moja lilipasuka. Hili nililitafuta kwingine, mradi yafanane."

"Kwingine wapi?"

"Kwenye lundo. Sijui la nani."

Mama mkwe aliitazama chupa tupu iliyokuwa bado dirishani. Yote manne alikuwa ameyanywesha.

"Liingize gari ndani tu, Mama Garam," fundi alisema. "Hatua chache, juu ya jeki."

Garam alikuwa kwenye kiti chake nyuma, anahema vizuri, mashavu mekundu. Nilikaa, nikawasha. Kwenye kioo nikamwona akiokota biskuti nyingine. Safari hii hakuinyoosha pembeni.

Aliinyoosha mbele.

Ting. Ting. Ting.

Taa nyekundu ilionyesha kiti cha mbele. Kile kilicho kando yangu. Harufu haikuwa ya matope. Ilikuwa ya kitu kilichoungua.

Sikugeuza shingo. Nilimsikia mama mkwe akiniita nje, mbali, kama aliye ng'ambo ya mto. Nikanyoosha mkono taratibu, nikaushika mkanda wa kiti kile, nikauvuta. Ulikuwa wa moto.

"Na wewe..." nikanong'ona. "Na wewe kwenu ni wapi?"

Chini ya mkono wangu wa pili, usukani ukaanza kujizungusha. Polepole. Kwenda kushoto.