Mwimbaji wa Kwenye Laini

Jumanne, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, modemu ya stoo ya chanjo ilipiga simu makao makuu, ikalia kama kawaida, kisha laini ikakatika. Ilikuwa siku ya kumi na tisa mfululizo laini kukatika hivyo. Ripoti ya joto la mafriji, ambayo modemu ndiyo iliyopaswa kuituma, isipofika kabla ya Alhamisi, chanjo zote zingetupwa na Mama Stoo, mtunza stoo, angesimamishwa kazi.

"Nirekodie milio yake, mwanzo hadi inapokatika," mhandisi wa makao makuu alimwambia kwa simu fundi mpya wa stoo, msichana aliyemaliza chuo mwaka jana. "Na ukae kimya. Mwenzako alinirekodia anavyokunywa chai."

Msichana aliweka maikrofoni kwenye spika ya modemu, akarekodi, akatuma.

"Haifai, dada. Kuna mtu anaimbaimba karibu yako."

"Niko peke yangu, kaka."

"Basi ni redio ya jirani. Achana na maikrofoni, chomeka kinasa sauti kwenye laini yenyewe. Hapo sauti ya chumbani haiingii."

Alichomeka. Akapunguza sauti isije ikapasuka, akafunga mlango, akavaa hedifoni.

Modemu ikapiga. Upande wa pili ukaitika kwa mlio mwembamba, na chini ya mlio ule mwanamke akaanza kuimba, taratibu, kwa kuburura, kama anayembembeleza mtoto asiyelala siku nyingi, na kadiri alivyoimba ndivyo harufu ya nywele zilizoungua ilivyojaa chumbani, hadi pumzi ya moto ikamgusa msichana sikioni, ndani ya hedifoni, mahali ambapo hata unywele usingepenya, ndipo laini ikakatika.

Mama Stoo alikuwa mlangoni, daftari la joto mkononi, macho mekundu.

"Umemsikia?" alinong'ona.

"Mama, ulijua?"

"Wiki tatu ananiimbia, mwanangu. Ningesema, wangeniambia uzee umenipanda kichwani." Akajiegemeza ukutani. "Itume tu hiyo rekodi. Nimechoka."

Msichana akaituma. Harufu ikatoweka papo hapo. Alipoisikiliza nakala yake, ilikuwa milio mitupu. Saa kumi modemu ikapiga tena, na ripoti ikafika.

Asubuhi ya Jumatano mhandisi alipiga simu.

"Dada, yule mwanamke. Huko kwenu mlimtoaje?"

Nyuma yake mtu aliimba, taratibu.

Msichana alimtazama Mama Stoo, aliyekuwa amelala fofofo juu ya daftari lake, mdomo wazi.

"Hatukumtoa, kaka. Nilimtuma kwako, ndani ya rekodi."

 Wimbo uliendelea.

Msichana akakata simu polepole, akavuta fomu ya matengenezo, na penye hali ya tatizo akaandika: limekwisha.