Mtoto Hatumwi kama Kago

Safia na mumewe Ghalib ni Wazanzibari. Wanaishi Guangzhou, China. Hununua vitu vya kuchezea watoto pale mtaa wa Yide Lu na kuvipeleka nyumbani. Wafanyabiashara wenzao wana desturi nzuri. Anayerudi nyumbani huulizwa, "Una kilo?" Begi lake likiwa na nafasi, humbebea mwenzake mzigo.

Siku moja Safia alimwendea Hafidha, mfanyabiashara wa nguo kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa karibu kurudi nyumbani. Safia hakuwa na mzigo wa kutuma. Alikuwa na Nahla, binti yake wa miaka minne.

"Dada, nifikishie huyu kwa bibi yake Unguja. Hapa anashinda nasi madukani tu."

"Hamna tabu, mdogo wangu. Nahla si mgeni kwangu."

Wakakubaliana hapohapo, wamesimama.

Kwenye uwanja wa ndege wa Guangzhou, ofisa alimtazama Hafidha, kisha mtoto.

"Mama yake anaitwa nani?"

Masikini Hafidha! Miaka yote alimjua Safia kwa jina moja tu.

"Mama Nahla," alijibu.

Hakuwa na karatasi yoyote ya wazazi. Ndege ikaondoka bila wao. Nahla akawekwa chumba kingine, na watu asiowajua, mpaka wazazi walipofika. Safia alifungua mikono. Mtoto hakumkimbilia.

Jirani yao, Bertila, alikuwa ofisa ustawi wa jamii Bukoba kabla ya kuingia kwenye biashara. Safia alimlilia.

"Nimemtuma mwanangu kama kago, kama mzigo!"

"Umekosea, sikufichi. Ofisa kafanya kazi yake. Watoto huibwa."

"Sisi si wezi," alisema Ghalib.

"Angejuaje, shemeji? Sikilizeni. Bara tuna sheria yetu ya mtoto, na Zanzibar mna yenu."

"Nchi moja, sheria mbili?"

"Ndiyo. Mambo ya watoto si ya Muungano. Lakini zote mbili zinatanguliza maslahi ya mtoto. Kumpa mtu mwanao hakukuondolei wajibu. Ikibidi asafiri na mwingine, nyote wawili muandike barua kwamba mmeridhia. Ulizeni ubalozi wetu mdogo hapa namna ya kuithibitisha. Bibi ajue nani anamleta na lini. Sheha wa mtaa wa bibi naye aarifiwe. Lakini mtoto mdogo hivi, mpeleke mwenyewe. Na Nahla mlimwambia anakwenda wapi?"

Safia aliinamisha kichwa.

"Tulimwambia anakwenda kununua aiskrimu."

Ghalib akatoka nje.

Safari ya pili haikuwa ya haraka. Walimweleza Nahla kila kitu, wakajibu maswali yake yote. Safia alimwachia mumewe biashara, akampeleka mwenyewe. Bibi alimpokea, na sheha akajua mtoto ni wa nani.

Sasa Nahla anasoma chekechea. Amenenepa, na ana marafiki. Mama yake humpigia simu kila jioni. Simu ikikaribia kwisha, Nahla huuliza swali lilelile.

"Mama, utakuja kunichukua wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu."

"Si mtu mwingine?"

"Si mtu mwingine," Safia hujibu, na kila siku moyo humuuma upya.