Kiendeshi cha Mbio

Marehemu alisimama kando ya jeneza lake, akakohoa kidogo kama alivyozoea, kisha akawashukuru majirani kwa kumvumilia. Watu wakalia, wakacheka, wakalia tena. Alipomaliza alififia kama moshi, na roboti wa makaburini wakaja kubeba jeneza.

Hivyo ndivyo watu wa Morogoro walivyoagana na wafu wao katika zama zile za mabasi yanayojiendesha. Mtu yule wa mwanga aliitwa taswira-hai, na mashine iliyomuumba iliitwa mtambo wa buriani. Mtambo ulikusanya video zote za marehemu kutoka kwenye simu za ndugu zake, ukazikata, ukaziunga na kuzihariri mpaka akapatikana mtu mmoja aliyesimama wima.

Moyo wa mtambo ulikuwa kadi ya michoro, ubao mzito wenye ukubwa wa mlango. Kazi ya kadi ni kuchora, lakini haielewi lugha ya mtu. Kati yake na mhariri hukaa programu iitwayo kiendeshi. Kadi ni punda, kiendeshi ndiye mshika kamba. Punda yuleyule, mshika kamba mmoja atamfikisha sokoni, mwingine atamtumbukiza shimoni.

Viendeshi vilikuwa viwili. Mbio kilizaliwa kwenye michezo ya kompyuta, ambako mchezaji hataki picha igande hata kidogo. Kikikosa kipande cha picha, hukibuni, na kazi ikaendelea. Makini kiliundwa kwa ajili ya uhariri wa video. Hicho kikikosa kipande husimama na kuuliza: kovu lilikuwa shavu gani? Alicheka vipi? Asipopatikana mtu wa kujibu, huacha pengo.

Hakuna aliyeijua tofauti hiyo kwa uchungu kuliko Asteria Kunambi, fundi wa mitambo pale Msamvu. Zamani alikuwa ameajiriwa na Fulgensi Mloka, mwenye nyumba ya buriani kubwa kuliko zote mjini. Baba yake Asteria alipofariki, Asteria mwenyewe aliuandaa mtambo kwa Makini. Asubuhi ya mazishi Fulgensi, akitaka kuwahi msiba mwingine, aliweka Mbio bila kumwambia. Mzee Kunambi, mtu mpole aliyecheka kwa macho tu, alisimama mbele ya wanawe akakenua na kuangua kicheko cha mtu wa baa. Ndugu walipokasirika, Fulgensi alichukua kipaza sauti akasema, "Poleni. Binti ndiye aliyekosea kuchagua kiendeshi."

Tangu siku ile baba zake wadogo hawakuitikia salamu yake. Mama yake naye, alipoulizwa habari za mumewe, alikisimulia kicheko kile cha uongo kana kwamba aliishi nacho. Asteria hakusamehe. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi siku Fulgensi alipoingia karakanani kwake amevaa kitambaa cheusi mkononi, Asteria hakuinuka kitini.

"Umepotea njia, Mzee Mloka?"

"Mdogo wangu, nimefiwa na mama. Vijana wangu wameuchezea mtambo, kila ukifika katikati unazima. Nimeambiwa ni kiendeshi, na anayekijua ni wewe."

"Mimi si ndiye ninayekosea kuchagua?"

Fulgensi akatazama viatu vyake. "Yale yamepita."

"Kwako."

Hata hivyo Asteria alienda naye kwenye nyumba ya buriani. Alipozipitia video alimwona bibi kizee ambaye mdomo wake ulikuwa umepinda kwa kiharusi, anacheka upande mmoja tu, na mwanamke mwingine anamlisha uji kwa kijiko.

"Huyu anayemlisha ni nani?"

"Mama mdogo Veneranda. Wameishi pamoja tangu mama augue. Mimi unajua kazi zangu, nilikuwa natuma matumizi tu."

"Kuna Makini," Asteria alisema polepole. "Lakini lazima ukae nacho usiku kucha, ukijibu maswali kuhusu mama yako."

"Nitakaa saa ngapi na wageni wamejaa nyumbani? Askofu mwenyewe anakuja kesho. Hakuna cha haraka?"

Asteria alijua la kusema: mlete mama yako mdogo, yeye atajibu yote. Alijua pia kwamba Mbio, kilichojifunza nyuso za watu wengi, kikiona mdomo uliopinda hudhani ni kasoro ya picha na kuunyoosha. Maneno yalifika ulimini, akayameza, na yakawa matamu kama asali.

"Mbio kitawahi," alisema.

"Basi weka hicho."

Kesho yake Asteria alijivika kanga nyeusi akakaa safu ya tatu, mahali pa kuuona vizuri uso wa Fulgensi. Taa zikapunguzwa. Mama yake Fulgensi akasimama kando ya jeneza, mzuri, mdomo umenyooka, akatabasamu kwa meno yote na kusema kwa sauti safi, "Mwanangu Fulgensi, umenitunza."

Asteria akangoja uso wa Fulgensi uporomoke. Haukuporomoka. Fulgensi alilia kwa furaha, akamgeukia askofu. "Huyo ndiye mama yangu. Huyo hasa."

Aliyesimama ni Bi. Veneranda, akishikilia kiti cha mbele.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Dada yangu hakuwa hivi. Mdomo wake nilikuwa naufuta mimi."

"Mama mdogo, kaa," Fulgensi alisema. "Ni uchungu tu. Watu wote wanamwona."

Kikongwe yule akaitazama tena ile sura, akagusa mdomo wake mwenyewe upande huu, kisha upande ule. "Au nimesahau mimi," alinong'ona.

Hapo Asteria akainuka na sentensi aliyoinoa miaka yote.

"Hujasahau, Bibi. Fulgensi, humjui mama yako. Umemlilia mtu aliyebuniwa na mashine, mbele ya ukoo wako wote. Sasa chukua kipaza sauti, waambie nani amekosea."

Kile alichokingoja Asteria kikaja: uso wa Fulgensi ukaporomoka, nyama kwa nyama, na baba zake wadogo, waliokuja msibani kama mji mzima na kukaa nyuma, wakageuka kumtazama binti yao.

Lakini Bi. Veneranda hakumwangalia Fulgensi. Alikuja mpaka safu ya tatu, akikokota miguu.

"Wewe ndiwe fundi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ulijua jana kwamba itatoka hivi?"

"Nilijua."

"Na mtu wa kumjua dada yangu alihitajika?"

"Alihitajika."

"Mimi nilikuwepo nyumbani," kikongwe alisema, "nachambua mchele wa msiba. Ungeniita tu."