Kasia la Mzee

Haya yalimfika rafiki yangu, dereva wa boti ya polisi wa jeshi, enzi za vita. Mtoni sheria ilikuwa moja: ukisikia honi, gonga mtumbwi wako kwa kasia. Asiyejibu ni adui.

Asubuhi moja alimnyang'anya mzee kasia, eti amechelewa kusimama.

"Sasa mwanangu, mkiniita nitajibu na nini?"

Yeye na askari wenzake wakacheka, wakamwacha akipiga maji kwa viganja.

Wakirudi, ukungu ulikuwa umetanda. Wakapiga honi. Kimya. Wakafyatua risasi. Walipoukaribia, rafiki yangu aliutambua mtumbwi wa yule mzee, mwenyewe amelala ndani amekufa; kwa soni hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata, ukungu tena. Akapiga honi.

Ngo, ngo, ngo.

"Afadhali huyu kajibu," sajenti wao alisema. "Yuko upande gani?"

Rafiki yangu hakuinua uso. Mlio ulitoka chini ya miguu yao, ndani ya stoo alimolifungia lile kasia.