Wiki ya Saba Bila Kokeini

Kila asubuhi Coletha alipika uji, kisha akafungua genge lake la mboga pale Maisaka. Mumewe, Theophil, alikwenda shambani. Zamani alikuwa dereva wa lori, na huko safarini ndiko alikoanza kunusa kokeini. Sasa alikuwa ameacha. Ilikuwa wiki ya saba.

Siku moja alipeleka mahindi mashineni Bonga. Alirudi akitetemeka, jasho linamtoka.

"Umetumia tena, Baba Elibariki," Coletha alisema.

"Sijatumia. Nimepita pale tulipokuwa tunaegesha malori. Hamu imenishika kuliko siku zile nilipoacha."

Coletha hakumwamini. Wiki saba zipite, halafu hamu izidi? Alimwita mwongo mbele ya mtoto. Akafunga nguo zake na za Elibariki ili arudi kwao Mbulu.

Jirani yao Romana, muuguzi wa afya ya akili, alimkuta mlangoni na mzigo.

"Shikamoo, dada," Coletha alimsalimu.

"Marahaba. Safari ya wapi?"

Coletha alimweleza yote. Romana akaketi kizingitini.

"Huenda mumeo anasema kweli," alisema. "Chembe za ubongo hupeana habari. Moja hutoa kemikali iitwayo glutamati. Nyingine huipokea kwa vipokezi, mfano wa masikio. Kokeini huvuruga mawasiliano hayo. Wataalamu wamechunguza panya wa maabara. Wameona kwamba kokeini ikishaachwa, vipokezi vya aina fulani huongezeka kwa wiki kadhaa, katika sehemu ya ubongo inayohusika na hamu, nayo hamu huzidi. Watu nao, hamu yao inaweza kukua baada ya kuacha, wakiona kitu kinachowakumbusha. Mwenzio ameona malori."

"Basi hatapona?"

"Anaweza kupona. Ubongo hubadilika tena, ila taratibu. Hamu hupanda, halafu hushuka. Ikimjia, asikae nayo peke yake. Aepuke mahali panapomkumbusha. Na aje kliniki kwa ushauri. Si aibu, ni matibabu."

Coletha akarudi ndani na mzigo wake. Theophil alikuwa amejiinamia kitandani.

"Nisamehe," Coletha alisema. "Ikikujia tena, niambie mimi kwanza."

Tangu hapo mahindi walisaga Maisaka. Kila Alhamisi Theophil alikwenda kliniki. Hamu haikuisha mara moja. Siku nyingine ilimjia mara mbili, nao wakatembea pamoja mpaka ipite. Polepole ikaanza kuja mara chache.

Mwezi wa tano tangu Theophil aache kokeini, Coletha akiwa gengeni, simu iliita. Alikuwa Theophil.

"Mama Elibariki, nimekutana na dereva mwenzangu wa zamani hapa sokoni. Anao ule unga. Amenipa mkononi."

"Ukafanyaje?"

"Nimemrudishia. Nimeshaondoka. Mwili unatetemeka, lakini nakuja nyumbani."

Coletha alifunika nyanya zake, akashika njia ya sokoni kwenda kumpokea.